Shule bila lango: Jinsi masomo ya mbali yanavyofanya kazi, na yanapokwama kati ya Kitale na Bungoma

MZAZI anapoambiwa kwamba mwanawe anaweza kusoma bila kuvuka lango la shule, picha inayomjia akilini aghalabu ni ile ya kipakatalishi mezani, mwalimu anayezungumza kwenye kioo na mtoto aliyetulia akiandika. Picha hiyo ni ya kweli kwa familia chache. Kwa wengi wanaoishi kandokando ya barabara itokayo Kitale kuelekea Webuye, kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, na kwa wale walio juu zaidi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, shule ya mbali imekuwa redio ya betri, ujumbe mfupi wa simu, ama zoezi lililotumwa na mwalimu kwa WhatsApp na kuchapishwa kwa mwenye saiba sokoni.

Mbinu hizo zina majina mengi: elimu masafa, masomo ya mtandaoni, shule pepe. Jina liwe lolote liwalo, msingi wake ni mmoja. Mwalimu na mwanafunzi hawako katika chumba kimoja, hivyo basi ni lazima pawe na chombo cha kubeba somo kutoka kwa mwalimu hadi kwa mtoto, na pawe na njia ya kurejesha kazi ya mtoto kwa mwalimu ili isahihishwe. Safari ya kwanza imerahisishwa mno na teknolojia. Ni hii ya pili, ya jibu kurudi, ambayo imekwamisha mipango mingi humu nchini, na ndiyo ambayo mzazi wa Trans Nzoia au Bungoma anafaa kuiulizia kabla hajauliza kuhusu aina ya simu au kasi ya intaneti.

Vipindi vya moja kwa moja na vilivyorekodiwa

Shule kamili ya mtandaoni hujengwa juu ya namna mbili za kufundisha. Katika ile ya kwanza, mwalimu na wanafunzi hukutana kwa wakati mmoja kupitia programu za mikutano ya video kama vile Zoom, Google Meet au Microsoft Teams. Kuna ratiba, majina huitwa, na mwanafunzi mwenye swali huinua mkono kwa kubonyeza alama kwenye kioo. Katika namna ya pili, somo huandikwa au hurekodiwa mapema na kuwekwa kwenye tovuti ya shule. Mwanafunzi hulifungua wakati unaomfaa, akafanya zoezi na kulituma. Programu za kusimamia masomo, zikiwemo Moodle na Google Classroom, huhifadhi maandishi, mazoezi, alama na maoni ya mwalimu mahali pamoja, na katika shule nyingi mzazi hupewa neno lake la siri ili afuatilie maendeleo ya mwanawe.

Shule nyingi huchanganya namna hizo mbili. Kwa kawaida saa za kukutana moja kwa moja huwa chache kuliko saa za darasa la kawaida, kwa sababu mtoto huchoka upesi anapokodolea kioo macho. Umri nao una uzito wake. Kijana wa shule ya upili anaweza kuachiwa ratiba na akaifuata, ingawa si kila kijana. Mtoto wa Gredi ya 2 hawezi. Anahitaji mtu mzima wa kumketisha, kumfungulia ukurasa, kumsomea maagizo na kuhakikisha kwamba hajahamia kwenye katuni. Huyo ndiye mwalimu wa pili, asiye na mshahara, na matangazo ya shule za mtandaoni ni nadra kumtaja.

Kuhusu gharama, somo la video la saa moja laweza kula kuanzia megabaiti mia kadhaa hadi gigabaiti nzima, kutegemea ubora wa picha. Ikichukuliwa kiasi cha megabaiti 500 kwa saa, mtoto mwenye vipindi vya saa nne kwa siku atatumia gigabaiti 10 kwa wiki ya siku tano. Nyumba yenye watoto watatu itahitaji gigabaiti 30 kila wiki, pamoja na vyombo vitatu, maana watoto wa madarasa tofauti hawawezi kutumia simu moja kwa saa ileile. Ujumbe mfupi wa simu, kwa upande mwingine, hubeba herufi 160 tu, lakini hufika katika simu ya bei ya chini kabisa na hauhitaji bando.

Redio na posta vilitangulia

Wazo hili si geni kama linavyodhaniwa. Mnamo 1951, mjini Alice Springs nchini Australia, ilifunguliwa shule iliyofundisha watoto wa wafugaji waliotawanyika jangwani kwa kutumia redio za mawasiliano zilizokuwa zikitumiwa na madaktari wa ndege. Mtoto alizungumza na mwalimu aliyekuwa mamia ya kilomita kutoka kwake, naye mwalimu akamjibu. Nchini Mexico, mpango wa Telesecundaria ulianza mwaka wa 1968. Vijana wa vijijini walikusanyika chumbani mbele ya runinga, na pamoja nao akawapo mwalimu mmoja wa kuwaongoza katika masomo yote. Jimbo la Florida nchini Marekani lilianzisha shule yake ya umma ya mtandaoni mnamo 1997.

Kenya haikuwa nyuma sana. Mwaka wa 1967, kitengo cha masomo ya posta kilianza kazi katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Walengwa wake wakuu walikuwa walimu wa shule za msingi ambao hawakuwa wamehitimu vya kutosha. Walipokea vitabu vya masomo kwa posta, wakasikiliza vipindi vya redio vilivyoambatana na vitabu hivyo, wakafanya mazoezi na kuyatuma Nairobi yasahihishwe na kurejeshwa. Mfumo huo ulikuwa wa polepole, lakini ulikuwa kamili: somo lilikwenda, na jibu likarudi likiwa na alama nyekundu.

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya (KIE) ilishirikiana na wataalamu wa Marekani katika mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Ubunifu wake ulikuwa katika kimya. Mtangazaji aliuliza swali, akanyamaza sekunde chache, watoto wakajibu kwa sauti, kisha redio ikatoa jibu sahihi. Kila mtoto alishiriki mara nyingi katika kipindi kimoja, na mwalimu wa darasa alikuwapo kuona nani aliyekosea. Mbinu hiyo, iliyokuwa imejaribiwa kwanza nchini Nicaragua katika hisabati, ilienea baadaye katika mataifa mengi. Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba redio hiyo ilisikilizwa darasani, mbele ya mwalimu. Haikukusudiwa kusikilizwa na mtoto aliye peke yake jikoni.

Machi 2020

Jaribio kubwa la masomo ya mbali humu nchini halikupangwa. Kisa cha kwanza cha ugonjwa wa Covid-19 kilitangazwa Machi 13, 2020, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Taasisi ya Kustawisha Mitaala (KICD), iliyochukua nafasi ya KIE mwaka wa 2013, ilitegemea njia ilizokuwa nazo: vipindi vya redio kupitia Shirika la Utangazaji nchini (KBC), idhaa ya runinga ya Edu Channel, video kwenye YouTube, na hazina ya vitabu na masomo ya kidijitali mtandaoni.

Takwimu zilizokuwapo tayari zilitoa onyo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 56.9 ya familia nchini zilimiliki redio, asilimia 40.7 zilikuwa na runinga inayofanya kazi, na ni asilimia 17.9 pekee zilizokuwa na intaneti nyumbani. Hizo ni takwimu za taifa zima, Nairobi ikiwemo. Bungoma ilihesabiwa kuwa na watu 1,670,570 na Trans Nzoia 990,341, wengi wao wakiishi mashambani. Hata runinga haikuwa dawa ya haraka, kwa kuwa tangu mawimbi ya analogi yazimwe mwaka wa 2015, idhaa hiyo ya masomo ilihitaji king'amuzi au runinga ya kidijitali, na vyote viwili vinahitaji umeme. Haikushangaza basi kwamba shirika la Usawa Agenda, lilipofanya uchunguzi miezi michache baada ya shule kufungwa, liligundua kuwa ni takriban watoto 22 katika kila 100 waliokuwa wakifikiwa na masomo ya kidijitali, na kwamba walio katika shule za kibinafsi walikuwa mbele sana ya wenzao wa shule za umma.

Hata kwa waliofikiwa, somo lilikwenda bila kurudi. Redio ilifundisha sehemu za umbo, mtoto akasikia au hakusikia, kipindi kikaisha. Hakuna aliyejua kama ameelewa. Mwalimu wake wa kawaida, ambaye angejua, alikuwa nyumbani kwake kijiji cha pili, na pengine hakuwa na namba ya simu ya mzazi.

Juhudi za kupeleka intaneti vijijini hazikukosekana. Mnamo Julai 2020, kampuni ya Telkom Kenya kwa ushirikiano na Loon, kampuni dada ya Google, ilianza kutoa intaneti kwa kutumia maputo yaliyoelea umbali wa kilomita 20 hivi angani, yakiendeshwa kwa nguvu za jua. Yalipangiwa kuhudumia eneo la kilomita 50,000 mraba katika sehemu za magharibi na kati ya Kenya, na miji ya Eldoret na Kakamega, iliyo jirani na kaunti hizi mbili, ilikuwa miongoni mwa iliyotajwa. Ili kuyatumia, mtu alihitaji simu ya 4G na laini ya kampuni hiyo. Januari 2021 wamiliki wa Loon walitangaza kwamba mradi haukuwa na faida, na mapema mwaka huohuo huduma ikakoma humu nchini. Wanafunzi walikuwa wamerejea madarasani.

Kalenda ya mahindi

Kuna jambo ambalo wapangaji wa ratiba za redio jijini Nairobi hawakulizingatia ipasavyo, nalo ni kalenda ya shamba. Kitale ndiyo makao ya kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, na mahindi ndiyo uti wa mgongo wa nyumba nyingi za Trans Nzoia na sehemu kubwa ya Bungoma. Mahindi hupandwa mvua ndefu zinapoanza, Machi na Aprili. Palizi hufuata. Kuvuna huanza mnamo Oktoba. Shule zilifungwa Machi 16. Waliorejea kwanza, yaani Gredi ya 4, Darasa la Nane na Kidato cha Nne, walirudi Oktoba 12, na wengine wote Januari 4, 2021. Kwa maneno mengine, kwa wanafunzi wengi likizo hiyo ndefu ilianza na kupanda na kumalizika na kuvuna.

Kipindi cha redio kinachopeperushwa asubuhi ya siku ya kazi humkuta mtoto wa mkulima na jembe mkononi. Hakimngoji. Hapa ndipo somo lililorekodiwa lina faida kubwa kuliko lile la moja kwa moja, hata kama ni sauti tu iliyohifadhiwa kwenye kadi ndogo ya simu, kwa kuwa laweza kusikilizwa jioni baada ya kazi na kurudiwa. Wazazi wa eneo hili hawafai kulaumiwa kwa kuwapeleka watoto shambani mwaka ambao vibarua vilikosekana na pesa zikapungua. Kinachofaa kulaumiwa ni ratiba iliyochukulia kwamba kila mtoto aliye nyumbani hana kazi.

Madhara hayakuwa ya masomo tu. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wasichana wa shule za upili katika kaunti ya Siaya na kuchapishwa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba wale waliokaa nyumbani kwa miezi sita wakati wa janga walikuwa na hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya kukamilisha shule, na hatari mara tatu ya kuacha masomo, wakilinganishwa na waliowatangulia. Siaya si Bungoma, lakini umbali kati yao si mkubwa, wala maisha ya msichana wa kijijini hayatofautiani sana. Lango la shule humkinga mtoto na mengi, na hakuna tovuti iliyopata kufanya kazi hiyo.

Wakazi wa Lwakhakha, kwenye mpaka, walijionea hali iliyokuwa mbaya zaidi upande wa pili. Uganda iliweka shule zake zikiwa zimefungwa kikamilifu au kwa sehemu hadi Januari 10, 2022, muda ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) lilihesabu kuwa wiki 83. Na kwa jamii za Mlima Elgon, mtoto kukaa nje ya darasa hakukuanza na Covid-19. Mapigano ya ardhi yaliyohusisha kundi la SLDF kati ya 2006 na 2008 yalifukuza maelfu ya watu makwao, shule zikafungwa, na wakati huo hakukuwa na mpango wowote wa kuwafuata wanafunzi walikokimbilia.

Simu ya kawaida na sauti ya mwalimu

Mojawapo ya majibu ya Kenya kwa uhaba wa intaneti lilizaliwa mapema, mwaka wa 2011, kampuni ya Eneza Education ilipoanzishwa. Huduma yake, iliyokuja kujulikana kwa jina Shupavu 291, ilimwezesha mwanafunzi kubonyeza *291# kwenye simu yoyote ya Safaricom na kupokea maelezo mafupi ya somo, kisha maswali ya kuchagua jibu. Mwanafunzi alituma jibu, akaambiwa papo hapo kama amepata au amekosa na kwa nini. Aidha, aliweza kumwandikia mwalimu swali lake. Shule zilipofungwa mwaka wa 2020, huduma hiyo ilitolewa bila malipo kwa muda. Ni kweli kwamba herufi 160 haziwezi kuchora pembetatu wala kuonyesha moyo unavyosukuma damu. Hata hivyo, kwa vile jibu lilirudi, mfumo huo mdogo ulikuwa karibu na shule kuliko runinga nyingi za rangi.

Ushahidi bora kuhusu suala hili unatoka Botswana. Mwaka wa 2020, watafiti waligawa familia katika makundi. Kundi moja lilipokea maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi kila wiki. Kundi jingine lilipokea ujumbe huohuo na kuongezewa simu ya takriban dakika 20 kutoka kwa mwalimu, aliyezungumza na mzazi na mtoto na kuwapitisha katika maswali. Waliopigiwa simu walipiga hatua katika hesabu. Waliopata ujumbe peke yake hawakuonyesha tofauti kubwa. Jaribio hilo lilirudiwa baadaye katika mataifa matano, Kenya na Uganda zikiwemo, na kwa mara nyingine simu ya mwalimu ikashinda ujumbe kwa mbali. Dakika 20 kwa wiki si nyingi. Mwalimu mwenye wanafunzi 15 angezimaliza kwa saa tano.

Hii ndiyo sababu mwalimu wa Chwele au Endebess aliye na daftari la namba za wazazi na kiasi kidogo cha salio anaweza kufanya kazi ambayo mtambo wa mamilioni ya pesa umeshindwa kuifanya. Tatizo ni kwamba daftari hilo, katika shule nyingi, huandikwa siku ya usajili na halifunguliwi tena hadi karo idaiwe.

Vishikwambi na hazina ya darasani

Msomaji atauliza: vile vishikwambi vya serikali vilikwenda wapi? Ahadi ya kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia Darasa la Kwanza ilitolewa katika kampeni za 2013. Zabuni ya kwanza ilifutwa, na mnamo 2016 mpango ukageuzwa na kuwa wa vishikwambi, vilivyounganishwa humu nchini na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta pamoja na Chuo Kikuu cha Moi, kila kimoja na mshirika wake wa kigeni. Zaidi ya vifaa milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma. Kila shule ilipata pia vipakatalishi viwili vya walimu, projekta, na mtambo mdogo unaohifadhi masomo na kuyarusha darasani bila kuhitaji intaneti.

Mtambo huo wa mwisho ndio uliokuwa na thamani kubwa zaidi, ingawa haukuzungumziwa sana majukwaani. Kwa lugha nyepesi, ni maktaba iliyo ndani ya kisanduku. Video na vitabu hupakiwa mara moja, na darasa zima huvisoma kupitia mawimbi ya karibu bila kulipia bando hata moja. Lakini vifaa hivyo vilikuwa mali ya shule, na shule zilipofungwa mwaka wa 2020 vilibaki vimefungiwa makabatini huku watoto wakiambiwa wasome kwa simu ya baba. Kuhofia wizi ni sababu inayoeleweka. Hata hivyo, kifaa cha kujifunzia kisichoweza kuondoka shuleni hakina msaada siku ambayo shule ndiyo isiyofikika.

Mfano wa maktaba ya aina hiyo inapotumiwa vyema haupo mbali sana. Ukifuata barabara kuu kaskazini kutoka Kitale kupitia Kapenguria na Lodwar, unafika Kakuma, ambako wakfu wa Vodafone na Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa (UNHCR) wameanzisha madarasa yenye sola, vishikwambi, intaneti na hazina ya masomo iliyohifadhiwa papo hapo. Mpango huo ulianzia kambi ya Dadaab mnamo 2013. Madarasa hayo yana kiti cha mwalimu. Wanafunzi huja, huketi pamoja, na hufundishwa na mtu aliyefunzwa kutumia vifaa hivyo. Mkutano wa namna hiyo katika ukumbi wa kanisa au maktaba ya mtaa ungefaa hata katika vijiji vya Bungoma, ambako mtoto mmoja hana simu lakini kumi pamoja wanaweza kutumia moja.

Kuhusu intaneti yenyewe, Mamlaka ya Mawasiliano nchini ilitumia hazina ya huduma kwa wote kuunganisha zaidi ya shule 800 za upili za umma kuanzia 2017. Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) nayo, katika miaka iliyofuata janga, ilianza kujaribu utaratibu ambapo mwalimu wa shule moja hufundisha na somo lake kupeperushwa moja kwa moja hadi shule nyingine zisizo na mwalimu wa somo hilo. Huenda hii ndiyo sura ya shule ya mtandaoni itakayodumu katika maeneo haya: mtoto akiwa bado darasani, na mwalimu ndiye aliye mbali.

Sheria na mtihani

Kwa mzazi anayefikiria kumtoa mwanawe shuleni kabisa na kumsajili katika shule ya mtandaoni, kuna mambo ya kuangaliwa kabla ya karo kulipwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamlazimu mzazi kumsajili mtoto na kuhakikisha anahudhuria masomo ya msingi na ya upili. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi Sh100,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inataka taasisi inayotoa elimu ya msingi iwe imesajiliwa. Shule kuwa na tovuti ya kupendeza si ushahidi wa usajili. Mzazi ana haki ya kuomba nambari ya usajili na kuithibitisha katika ofisi ya elimu ya kaunti.

Suala zito zaidi ni mtihani. Katika mtaala wa umilisi, alama za mwanafunzi hazitoki tena katika karatasi za siku chache. Matokeo ya tathmini ya Gredi ya 9 hujumuisha asilimia 20 kutoka tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka kazi zilizofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 kutoka mtihani wenyewe. Kazi hizo za shuleni husimamiwa na walimu na alama zake kuwasilishwa kwa Baraza la Mitihani (KNEC) na shule inayotambuliwa. Mtoto aliyesoma pahali pasipotambuliwa hujikuta na pengo lisiloweza kuzibwa mwishoni, hata awe mwerevu kiasi gani.

Ndiyo maana shule nyingi za mtandaoni hupendelea mitaala ya kigeni, hasa ile ya Cambridge na Pearson ya Uingereza, ambayo hukubali watahiniwa wa kibinafsi. Hilo linawezekana, lakini lina gharama zake. Mtahiniwa hana budi kujisajili katika kituo kilichoidhinishwa, kulipia kila somo, na kusafiri hadi kituoni siku za mtihani. Baadaye, akitaka kujiunga na chuo cha humu nchini, cheti chake hulazimika kulinganishwa na vya Kenya. Mzazi aulize mapema: mtoto atafanyia mtihani mji gani, nani atalipia, na shule imewahi kupeleka watahiniwa wangapi?

Aulize vilevile kazi ya mwanawe husahihishwa na nani, na baada ya siku ngapi. Aombe kuona daftari au zoezi la mwanafunzi mwingine, jina likiwa limefichwa, ili aone maoni ya mwalimu. Shule inayotegemea programu kutoa alama za maswali ya kuchagua pekee haitamfunza mtoto kuandika insha. Aulize darasa moja la video lina watoto wangapi, kwa kuwa mwalimu mwenye nyuso 80 kwenye kioo hamfundishi yeyote kati yao. Na aulize kinachofanyika stima zikipotea katikati ya kipindi, jambo ambalo mkazi wa Bungoma hahitaji kuelezwa: je, somo hurekodiwa, na mtoto hupewa muda wa kulifuata?

Yapo pia masomo yasiyokubali kupitishwa kwenye waya. Katika mtihani wa KCSE, ambao wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 watauandika mwaka wa 2027, Kemia, Biolojia na Fizikia kila moja ina karatasi ya vitendo, ambapo mtahiniwa hupima, huchanganya na kuandika alichokiona kwa macho yake. Gredi ya 10, iliyoanza Januari 2026, nayo ina mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati unaohitaji maabara na karakana. Video yaweza kuonyesha rangi ikibadilika ndani ya chupa. Haiwezi kumfundisha mtoto kushika bureti, kufungua koki kidogo kidogo na kuifunga tone lifaalo linapoanguka. Kwa kazi hiyo, mwanafunzi wa mtandaoni wa Kitale au Bungoma bado hulazimika kutafuta shule ya jirani yenye maabara, kuzungumza na mwalimu mkuu, na kukubaliana naye siku na ada, na hayo yanafaa kupangwa mwaka mzima kabla ya mtihani.